Amoit, Jogoo Nilimrudisha Akiwa Hai

Amoit, mwenzangu,

Yoga. Ndilo neno pekee la Kiteso ninalolijua mpaka leo, na kila nilipolitamka ulinicheka ukasema naita ng'ombe, sisalimii mtu. Haya, cheka. Yaliyobaki nitayaandika kwa Kiswahili, kwa sababu ndicho kilichokuwa chetu. Wewe ulikuja na lugha yenu, mimi nilikuwa na Kiwanga changu, na tulipotaka kugombana vizuri ilitubidi tukutane kwenye Kiswahili, kila mtu na makosa yake.

Matokeo ya Konso ya kidato cha nne yametoka. Sitakuambia hapa juu amepata nini. Utangoja, kama nilivyongojeshwa mimi siku nzima. Wewe una nafasi. Umelala kivulini nyuma ya nyumba yako, na hakuna anayekuuliza mboga ya leo ni gani.

Ndiyo, nimekukasirikia, na si leo tu. Watu wa hapa wanaamini kwamba uliniita kitandani, ukanishika mkono, ukaniachia mtoto. Hata mhubiri alisema hivyo siku ya kukuzika, na wanawake wakalia zaidi. Mimi peke yangu ndiye ninayejua hukuniachia neno. Ulitoka asubuhi ukilalamika kichwa, ukaniambia, "Niangalizie maharagwe yangu, naenda hospitali narudi." Nikayaangalia. Yakaiva. Nikayaepua. Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho, Amoit. Maharagwe. Kwa hiyo Konso sikupewa na mtu. Nilimchukua mwenyewe, kwa sababu jioni ile alikuja akasimama mlangoni pangu na njaa yake, na maharagwe yalikuwa kwangu.

Sasa nikupe habari za nyumbani, maana hungetambua. Ulipoondoka tulikuwa bado na mahindi upande wa mto. Hayapo. Mume wetu Makokha amepanda miwa mpaka karibu na choo, na kama ningelala mlango wazi angepanda mpaka chini ya kitanda. Shianda yote ni hivyo. Kiwanda kikipiga king'ora, watu wanaamka. Kikinyamaza, watu wanaulizana kuna nini. Mabati mapya yanang'aa kila upande, redio inaimba katika kila nyumba, na wenye mabati na redio wanakuja sokoni kununua unga na sukuma, kwa sababu hakuna aliyebakisha pa kupanda hata mchicha. Makokha ananiambia huo ndio utajiri. Namwuliza, tajiri gani anaazima mahindi ya kuchoma? Anasema sina shukrani.

Majivu ya miwa inayochomwa bado yanaangukia nguo zilizoanikwa. Unakumbuka tulivyokimbia na shuka za wenyewe, wewe upande huu, mimi upande ule, tukigombana nani alisema leo hawachomi? Sasa nakimbia peke yangu. Shuka ni kubwa kwa mtu mmoja, Amoit.

Cherehani yangu ilizaa. Ninazo mbili pale kibarazani sokoni. Sare za shule ni zangu kuanzia njia panda mpaka kwa wale wa ng'ambo ya mto, na bado sihitaji kuandika kipimo cha mtoto. Nikimpima mara moja, kiuno chake kinakaa kichwani mpaka akue. Najisifu, najua. Nani mwingine atanisifu? Wewe ndiye uliyekuwa ukisema, "Mama Jafeth, kichwa chako kingeenda shule, tungekuwa tunakuita Daktari." Tena ulikuwa ukishona vifungo vyangu bure, uongo uongo tu, ukidai mikono inawasha.

Hebu nikukumbushe ulivyoanza. Makokha alikuleta hapa juu ya trela la miwa, bila barua, bila kuniambia, na mimi nikakununia tangu kupanda mpaka kuvuna. Ukaja kibarazani siku moja na gauni la Konso limechanika begani, ukasema mbele ya wateja, "Fundi, unashonanga na za maadui?" Watu wakacheka mpaka nikacheka. Nikalishona. Ukaniletea njugu za kusaga kwenye bakuli, nikala na sukuma, nikakasirika zaidi kwa sababu zilikuwa tamu.

Basi. Matokeo.

Unajua Jafeth wangu aliishia darasa la saba, anakata miwa, na Beti ameolewa Kabras. Konso ndiye wa kwanza katika boma hili kufika kidato cha nne. Ule mtihani wake wa darasa la saba hukuuona, ulikuwa umetuacha miezi michache tu. Alipata thelathini na moja kwa thelathini na sita. Makokha aliibeba ile namba kijiji kizima kama mtu aliyenunua baiskeli. Mtu akimsalimia, "Habari ya asubuhi," yeye anajibu, "Thelathini na moja." Masista wakamchukua Konso kwenye shule yao ya bweni.

Mwaka huu, kabla hata matokeo hayajakaribia, akaja Senge Rodah. Unamkumbuka wifi yetu, yule anayeanza kusema kabla hajaketi. Alikuja na habari za karani wa mizani kule kiwandani, yule anayepima matrekta yakiingia. Ni mgane, ana nyumba nzuri, hanywi pombe, hagombani na mtu. "Huyu mukhana, msichana wenu, amekomaa," akasema, "anasomanga mpaka lini? Mpaka meno yaanguke, aolewe na daktari wa meno?" Makokha akafikiri. Wewe unajua anavyofikiri, anasugua goti. Kisha akasema mbele ya watu wote waliokuwepo: "Akipita kama alivyopita darasa la saba, ataendelea kidato cha tano. Akianguka, nitamsikiliza karani."

Alilisema mbele ya watu, Amoit. Jambo lililosemwa mbele ya watu katika boma hili haligeuzwi. Konso alikuwa jikoni anachambua mchele. Alisikia. Hakuinua kichwa, lakini mchele ule aliuchambua mara ya pili, kisha ya tatu, mpaka nikamwambia, mwanangu, hakuna jiwe tena humo.

Siku yenyewe ya matokeo Konso aliondoka mapema kwenda shuleni. Nilimpa viatu vyangu vya kanisani. Mimi nikaenda kibarazani, nikakaa kwenye cherehani, nikashona mfuko wa kaptura ukatokea nje, nikaufumua, nikaushona tena ukatokea nje. Mkono wangu ulikuwa hapa, roho ilikuwa kwa masista.

Wa kwanza kuleta habari hakuwa Konso. Alikuwa jirani yetu, Baba Alfayo. Alipita katikati ya soko akiinua mikono kama mtu aliyeokoka. Alfayo wake alifanya mtihani huohuo katika shule nyingine. "Arobaini na moja!" akasema. "Mama Jafeth, Alfayo ana arobaini na moja!" Nikampa mkono, nikamwombea baraka, kisha kichwa changu hiki kikauliza kabla mimi sijauliza: "Kwa ngapi?"

"Kwa ngapi nini?"

"Arobaini na moja kwa ngapi?"

Akanitazama kama nimemwomba damu. "Wewe mama, furaha haina kwa ngapi. Njooni kwangu jioni, kuna nyama."

Nikarudi kwenye kaptura. Sasa Alfayo namjua. Namjua tangu kiuno chake kilikuwa cha kamba ya viatu. Katika darasa la saba alipata kumi na nne kwa thelathini na sita, na mama yake alilia hapa kwenye benchi yangu. Nikajiambia, vema, mtoto ameamka, Mungu ni wa wote.

Ndipo nikasikia trekta. Makokha alisimama katikati ya barabara na trela zima la miwa nyuma yake, injini inanguruma, magari yanapiga honi. Alikuwa amepitia shuleni kwa masista, hakuingia hata ndani. Aliita mlinzi wa lango, mlinzi akaenda ubaoni, akarudi na namba. Akanipigia kelele juu ya ile injini, soko zima likasikia:

"Kumi na tisa!"

"Nini?"

"Konso! Kumi na tisa! Mtoto wa Baba Alfayo arobaini na moja, wangu kumi na tisa! Masista wamenila!"

Akang'oa trekta. Miwa miwili ikaanguka barabarani, watoto wakaigombania.

Amoit, nilikaa. Niliiweka mikono juu ya meza ya cherehani, nikahesabu. Thelathini na moja, akae kwa masista miaka minne, atoke na kumi na tisa? Kila muhula ripoti yake ilisema wa pili, wa tatu, mara moja wa kwanza. Shati halipungui hivyo bila mtu kulikata. Na ile arobaini na moja nayo: kama mwisho ni thelathini na sita kama ule wa darasa la saba, Alfayo aliipata wapi hiyo ya kuzidi? Basi mtihani huu una mwisho mwingine. Mwisho wake ni ngapi? Nikawauliza wenye maduka. Nikamwuliza muuza mafuta ya taa. Nikamwuliza mwanamke wa ndizi ambaye mtoto wake alifika kidato cha pili. Kila mmoja aliniambia pole, hakuna aliyenijibu. Mtu akishaamua kukupa pole hasikii swali.

Nilipofika nyumbani jogoo alikuwa ameshafika.

Alikuwa mwekundu, mkubwa, amefungwa mguu kwenye benchi ya jikoni, ananitazama kwa jicho moja. Karani alimwacha kwa Senge Rodah tangu zamani, asubiri. Makokha alipitia huko na trekta la watu, akatoa neno, akapewa jogoo. Hii desturi yetu ulikuwa ukiicheka. Jogoo wa mposaji akichinjwa na kuliwa bomani kwa msichana, maneno yamekwisha. Akirudishwa hai, hakuna ubaya, kila mtu aende zake. "Mimi hata yai sikuletewa," ulisema, "ndiyo maana ninyi wote mnanitazama kama kuku wa bure."

"Chinja," Makokha akaniambia. "Rodah na watu wa karani wanakuja jioni."

Nikamwuliza, "Kumi na tisa kwa ngapi?"

"Mama Jafeth, mimi napeleka miwa mizani. Tani nyingi ni nyingi, tani kidogo ni kidogo. Sihitaji mwalimu."

"Hata kama ameanguka, cherehani ya pili ipo. Atakaa nami, nitamfundisha kazi."

"Cherehani itamwoa?"

Senge Rodah akaingia hapohapo, na leso yake ya kwenda harusini ameshaivaa. Nilimwambia tungoje mtoto arudi. Tungoje tu, jua bado liko juu. Akaketi, maana alikuwa amemaliza kusema njiani na sasa alikuwa na mapya. "Unangoja nini? Unajifanya una uchungu kupita baba yake. Si wako wa kuzaa, sote tunajua. Ukimzuia, watu watasema mama wa kambo anamfanya mtumwa wa cherehani. Ukimwachilia, watasema umemfukuza. Chagua moja, mimi nitakuwa naitika tu."

Hilo, Amoit, lilinichoma kwa sababu ni kweli. Hicho ndicho kitanda ulichonitandikia ukaondoka. Wangu wa kuzaa nikimchapa, nimemfundisha. Wako nikimnyima hata chumvi, nimemtesa. Miaka hii yote nimetembea na mtoto wako kama mtu aliyebeba yai kwenye kijiko katikati ya soko, na soko lote linangoja lianguke.

Nikabandika maji ya kumnyonyolea. Nikachukua kisu, nikaketi uani penye jiwe la kunolea, nikaanza kukinoa. Nilikinoa taratibu. Nikakitazama upande huu, nikakitazama upande ule, nikakirudisha kwenye jiwe.

"Unanoa kisu," Senge akasema, "au unakiombea?"

"Ni butu."

"Butu ni wewe. Leta mimi nichinje."

"Jikoni mwangu anachinja mwenye jiko. Na mwenye jiko hachinji mpaka aambiwe kumi na tisa ni kwa ngapi."

Makokha akasimama akaenda kuongea na miwa yake. Senge akaanza wimbo wa kanisani, ule wa kusubiri, kwa makusudi. Maji yakaanza kuimba nayo. Mimi nanoa. Jogoo ananitazama. Nikamwambia moyoni, wewe nawe huna haraka, na mimi sina haraka, tungoje.

Konso alitokea kwenye njia ya miwa amebeba viatu vyangu mkononi, vumbi mpaka magotini, anakuja mbio kidogo, anatembea kidogo. Akafika uani. Akatuona: Senge na leso yake, Makokha amerudi ameinamisha kichwa, mimi chini na kisu. Akasimama palepale. Uso wake wote ukaondoka.

"Nani amekufa?" akauliza.

Mara ya mwisho alipotukuta tumekaa hivyo uani ilikuwa ni kwa ajili yako. Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilitupa kisu, nikaenda nikamshika.

"Hakuna aliyekufa, mwanangu. Tumesikia."

"Mmesikia nini?"

"Pole, mukhana," Senge akasema, kwa huruma kweli sasa, maana si mtu mbaya, ni mdomo tu. "Mitihani ni ya Mungu. Kumi na tisa si mwisho wa dunia."

Konso akamtazama. Akanitazama. "Ndiyo, kumi na tisa," akasema. "Ni nani aliwaambia? Nilitaka kuwaambia mimi!" Na akaanza kucheka na kulia pamoja, Amoit, kile kicheko chako cha puani, na Senge akaninong'oneza, "Imempanda kichwani, masikini."

Basi mtoto akaketi chini kwenye vumbi akatueleza. Mtihani wa darasa la saba ni wa kulimbikiza, anayepata nyingi ndiye mkubwa. Huu wa kidato cha nne ni kama mbio. Katika kila somo aliye bora kabisa anapewa moja, kama anayefika wa kwanza, na aliyeanguka kabisa anapewa tisa. Wanachukua masomo sita wanajumlisha. Mtu asiyepitwa na mtu popote anapata sita. Kumi na tisa ni Divisheni ya Kwanza. Mwalimu mkuu alimkumbatia mbele ya masista wengine, na ataitwa kidato cha tano.

Kidogo ndiyo kubwa. Nani angejua? Nani katika boma hili aliwahi kuhesabu kitu ambacho kikipungua kinakuwa kizuri? Miwa haiko hivyo, watoto hawako hivyo, hata dhambi haziko hivyo.

Nilikaa chini karibu naye. Maji yakachemka mpaka yakamwagikia moto, jikoni kukajaa moshi, hakuna aliyeinuka. Nililia, na sikulia kwa ajili ya furaha peke yake. Nilikulilia wewe, kwa sababu hukuwepo kucheka. Ungecheka mpaka ushike mti. Ungemwita Makokha "Bwana Tani" mpaka azeeke.

Yeye alikuwa amesimama anasugua goti, wima, jambo ambalo ni gumu. "Kumi na tisa," akasema polepole. Kisha akamtazama jogoo, na uso ukamshuka. "Lakini nimetoa neno."

"Umetoa," Senge akasema. Alikuwa amejikusanya tena. "Jogoo yuko bomani. Watu wako njiani. Mnataka mimi nikaseme nini kule? Kwamba Makokha hajui kuhesabu?"

Ndipo Konso alipoona jogoo. Ndipo alipoyaelewa maji na kisu. Sijui kama umewahi kumwona mtoto akipewa kitu na kunyang'anywa kabla hajakishika. Aliniangalia tu, mimi, si baba yake.

Nikainuka. Nikamwambia Senge Rodah, "Neno limetoka mdomoni, halijaingia tumboni. Jogoo huyu anapumua." Nikamfungua kamba ya benchi, nikamkamata chini ya kwapa. "Konso, hayo maji yaliyobaki ni yako. Chukua karai, ukaoge, una vumbi la kutosha kupanda viazi."

"Wewe unamrudisha?" Makokha akauliza. "Wewe? Mwanamke?"

"Basi mrudishe wewe."

Akatazama miwa.

Nikaenda. Nilipita katikati ya Shianda, jua bado lipo, soko bado limejaa, na jogoo wa mposaji chini ya kwapa langu. Wanaume ndio hurudisha jogoo, na hurudisha kwa kificho, amefunikwa kwa koti. Mimi sikuwa na koti. Mwanamke wa ndizi akaita, "Mama Jafeth, unauza?" Nikasema, "Huyu si wa kuuza." Mwingine akajua, akapiga kelele, "Wee! Anarudisha!" Wakasimama kunitazama. Waliokuwa wakinipa pole asubuhi sasa walikosa la kunipa. Nilitembea kichwa juu. Jogoo akanipiga bawa shingoni, nikatembea tu.

Karani nilimkutia njiani, amevaa shati la pasi na tai, na wazee wawili nyuma yake. Hilo lilinihuzunisha kidogo. Shati lilikuwa limepigwa pasi na mtu asiyejua kola. Nilimsalimia kwa heshima, nikamwambia moja kwa moja: mtoto amepata kumi na tisa, anaendelea na masomo, na jogoo wako huyu hapa, hajaguswa.

Alimpokea kwa mikono miwili. Akafikiri. "Kumi na tisa?" akasema. "Hiyo ni Divisheni ya Kwanza, mama. Mimi nilikuwa na hamsini na kitu." Akacheka kidogo, bila uchungu. "Nilidhani mmenikataa kwa sababu ya umri wangu."

Sijui kusema uongo, Amoit, unanijua. Nikamwambia hilo pia lilikuwepo.

Akacheka sana. Mmoja wa wale wazee akasema tangu azaliwe hajaona mwanamke akirudisha jogoo, na karani akamjibu, "Basi leo umeona, twende tukale kwangu." Nilimwambia alete hilo shati kibarazani, nitamrekebishia kola. Mtu mwema hukosi kumpa kitu.

Wakati wa kurudi nilipita kwa Baba Alfayo. Ngoma ilikuwa inalia, Alfayo amekalishwa kwenye kiti katikati ya watu kama bwana harusi. Baba yake akaniwekea nyama kwenye sahani kwa mkono wake, akaniambia kwa sauti ya chini nisilie, cherehani ni kazi nzuri, Konso atajifunza. Nikasema asante. Sikumweleza jinsi ya kuhesabu. Mtoto hakuanguka kabisa, cheti anacho, na jioni ile ilikuwa yake. Kuna namba mtu anaweza kuijua kesho.

Makokha nilimkuta mlangoni. "Amemchukua?" Amemchukua. "Alisema nini?" Alisema Divisheni ya Kwanza. Akatafuta kofia yake, akatoka. Nilimsikia akimsimamisha mtu wa kwanza njiani: "Subiri nikueleze kwanza, kwa sababu hii inahesabiwa kinyume." Bado ana deni kwangu la ile kelele ya barabarani, lakini siku hiyo nilimwacha aende akajisifu. Senge Rodah alibaki, akala ugali wangu na dagaa, akasema tangu mwanzo yeye alijua mtoto huyu ana akili, ni za upande wao.

Konso alioga, akavaa gauni lake la bluu, akaenda nyuma huko kwako peke yake. Sikumfuata. Nilikaa jikoni nikapuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. Alikaa kwako muda mrefu. Yale aliyokuambia ni yenu, wala sikuulizi. Mimi nimekuandikia haya mengine, ambayo yeye hatakuambia kwa sababu ana adabu: kwamba baba yake alitoa neno, kwamba maji yalichemka, kwamba tulikaribia.

Leo ni Jumapili, nimetoka kanisani, nimeketi kibarazani soko likiwa limefungwa. Wiki hii nitampima kwa sketi mpya za kidato cha tano. Amerefuka kukupita. Kiuno ni chako.

Hukuniomba kitu, Amoit, na mimi sikumwahidi mtu. Sasa naahidi, kwa hiari yangu, na ninaliandika ili nisijifanye nimesahau. Katika boma hili hakuna jogoo wa mtu yeyote atakayechinjwa kwa ajili ya Konso, hata akiletwa na karani, hata akiletwa na waziri, mpaka Konso mwenyewe aje jikoni aniambie, "Mama Mkubwa, bandika maji." Asipokuja, hakuna maji. Na siku nikichoka, nikazeeka, nikaletwa nilazwe hapo kando yako, kisu nitamwachia yeye.

Lala salama, mwenzangu. Mimi bado niko huku juu, nashona.

Mama Jafeth